Iangushe, Kisha Uiinue

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidai ushujaa huko mbele. Naogopa maji, naogopa nyati, naogopa lori la ng'ombe linalokuja katikati ya barabara huku dereva akicheka na utingo wake. Zaidi ya vyote naogopa pikipiki. Na Mungu, kwa mipango yake, akaniweka miaka tisa nyuma ya mtu aliyekuwa nazo mbili.

Garsen nzima ilimwita Daktari, ingawa wagonjwa wake wote walikuwa na kwato. Mimi nilikuwa msaidizi wake katika kazi ya chanjo ya mifugo. Yeye aliendesha, mimi nilikaa nyuma nimekumbatia sanduku la barafu lenye dawa. Alizaliwa wapi na nani, sikuuliza, wala hakuwa mtu wa kutoa habari zake bure. Ninachokijua vizuri ni mgongo wake. Nalijua koti lake la kijani lililopauka mabegani, nalijua kovu la nyuma ya sikio la kulia, na najua kwamba chini ya koti hilo, jua liwe kali namna gani, alivaa tai. Nilimwuliza mara moja kwa nini avae tai kwenda kudunga mbuzi sindano. Akasema mbuzi ni mali ya mtu, na mali ya mtu huendewa kwa heshima.

Mtu akipangiwa kazi ofisini kwetu, awe karani au mwanafunzi wa mazoezi, Daktari hakuuliza cheti. Alimchukua hadi nyuma ya ofisi penye mchanga, akailaza pikipiki ubavu, akarudi hatua tatu na kufunga mikono. "Iinue," alisema. Wengi waliishika usukani wakavuta kwa mikono mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, na pikipiki haikusogea. Akishatosheka kuwaona wanahema, ndipo alipoonyesha. Geuza usukani mpaka ukome. Tia gia isije ikakukimbia. Ipe mgongo, kalia ukingo wa kiti chake kama unakaa kwenye kigoda, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, halafu rudi kinyumenyume kwa hatua za mtoto. Miguu ndiyo inayoinua, mikono inashika tu.

"Pikipiki unayoweza kuiinua peke yako ni yako," alizoea kusema. "Usiyoweza kuiinua, wewe ndiwe mali yake."

Mimi ile ndogo ilinishinda mara tatu. Ya nne ilisimama, nami nikalia. "Machozi ya nini?" akaniuliza. "Haijafa." Ile kubwa nilijaribu siku iyo hiyo, nikaisogeza kiasi cha kupitisha mkono chini yake, kisha ikarudi mchangani. Daktari hakunicheka. Alisema, "Basi hiyo si yako," na hakuniambia niiguse tena.

Sasa niziseme hizo pikipiki, maana huwezi kumweleza mtu huyu bila kuzieleza. Ndogo ilikuwa ya ofisi. Silinda moja, tairi nyembamba za spoki, kiti kigumu kama benchi la kanisa. Kubwa ilikuwa yake mwenyewe. Aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akiizunguka Afrika nayo, akafika Lamu akachoka, akaamua kurudi kwao kwa ndege. Ilikuwa na silinda mbili, tangi pana, kioo cha kukinga upepo, na masanduku mawili ya bati ubavuni ambayo yangemeza mzigo wa harusi. Wafugaji wa Kiorma, ambao hawawezi kuona kitu kinatembea wasikipe jina, waliita ile kubwa Ngamia na ile ndogo Punda.

Siku za mnada wa mifugo wanaume walizizunguka na kumwuliza, "Daktari, katika hizi mbili, bora ipi?" Hilo ndilo swali pekee ambalo hakulijibu kwa mkato. Aliweka chini kikombe cha chai, akaanza kupima kama hakimu.

Kwa kazi ya kila siku, alisema, tazama njia. Kutoka Garsen kwenda Tarasaa ni lami. Juu ya lami Ngamia huteleza, hujui hata kama kuna injini. Punda ukiikaza hutetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi, na lori likikupita, upepo wake unakusukuma ukingoni. Hapo Ngamia imeshinda. Lakini ukisimama kwenye njia panda ya Garsen saa saba mchana, injini ya Ngamia inakuchoma muundi, wakati Punda imepoa. Punda hunywa hata petroli ya kwenye chupa, Ngamia huchagua. Miiba ya mti wa mathenge huipata Punda kila wiki, lakini tyubu yake unaiziba mwenyewe ukiwa umechuchumaa kivulini. Tairi ya Ngamia ni nene, haichomwi ovyo, ila siku ikichanika utaingoja nyingine kutoka Mombasa mpaka uote ndevu. Fundi wetu aliifungua Punda yote kwa spana mbili. Ngamia aliitazama tu, akajikuna kichwa. "Mzee, hii inataka kompyuta," alisema. "Mimi niko na nyundo."

Tena kulikuwa na mto. Vijiji vingi tulivyovihudumia viko ng'ambo, na mtu huvuka kwa mtumbwi. Punda ilipakiwa, watu wawili wakaishika, ikavuka imelala kama mbuzi wa kuuzwa. Ngamia haikuvuka hata siku moja. Mpiga kafi aliikataa waziwazi. "Hiyo wachana nayo, Daktari. Tutazama sote, na mamba hajui nani ni daktari."

Ukisikiliza hesabu hiyo yote unajua kabisa wapi inaelekea. Wasikilizaji walikuwa wameshaanza kutikisa vichwa kwa ajili ya Punda. Ndipo Daktari alipomalizia chai yake na kutoa hukumu. "Kubwa ndiyo bora." Wakamcheka. Yeye hakujali, akapanda Punda akaenda kazini.

Sababu niliijua. Kwa Daktari pikipiki haikuwa ya kazi tu, ilikuwa ya safari, na safari moja alikuwa nayo kichwani tangu nilipomjua. Akistaafu angepakia Ngamia, apite Garissa, apande mpaka Marsabit, akaone nchi ambako ngamia ni wengi kuliko watu. Alikuwa na ramani iliyochanika kwenye mikunjo. Tukipumzika chini ya turubai la mfugaji fulani, tukinywa maziwa, aliikunjua akaifuata njia kwa ukucha. Mtu aliyekuwa mkavu kama yeye, asiyejua kusifu wala kusalimia vizuri, hapo uso wake ulilainika.

Alikuwa na mambo yaliyogongana. Kwa wanyama alikuwa mpole kupita kiasi. Nimemwona akipuliza sindano ipate joto kwanza isimshtue ndama. Watu aliwafokea. Alinifokea kwa kufunga sanduku vibaya, kwa kuandika herufi ndogo, kwa kupiga chafya karibu na dawa. Chanjo kwake ilikuwa roho. Sanduku likifunguliwa zaidi ya inavyopasa alihesabu kwa sauti, na kila namba ilinichoma. Lakini mwanangu Neema alipougua homa kali Tarasaa, ni yeye aliyeondoka katikati ya kikao bila kuaga, akaiwasha Ngamia, akanifikisha nyumbani kabla sijamaliza kusali. Njiani nilikuwa nimemng'ang'ania hadi tai ilimkaba. Hakuligusia jambo hilo tena, wala hakukubali asante.

Uoga wangu aliujua, na dawa yake kwa uoga huo ilikuwa moja. "Ukiogopa, fumba macho. Yangu yako wazi, yatatosha wawili." Basi nilifumba. Barabara ya kwenda Chara ninaijua kwa masikio na makalio zaidi ya macho. Najua mahali udongo mweusi unapoanza, maana injini hubadilisha sauti. Najua penye harufu ya viboko. Mchanga ukiwa mwingi, sehemu ya nyuma ya pikipiki huchezacheza kama mkia wa samaki. Miaka tisa, na sikuzoea hata siku moja. Watu husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi kicheko sikukiona, nilikuwa nimefumba macho.

Kitu kimoja ndicho kilichonifanya niendelee kupanda. Nilimwamini. Na imani hiyo iliondoka Ijumaa moja alasiri.

Nilikuwa nimesahau kitabu changu cha orodha ofisini, nikarudi kukichukua watu wakiwa wameshatoka. Nikasikia mtu anahema nyuma ya jengo. Nilipochungulia, Ngamia ilikuwa imelala mchangani na Daktari amekaa kando yake, miguu mbele, shati limemganda mwilini, tai imefika begani. Mchanga ulikuwa umechimbwa na visigino vyake, mistari mingi. Alikuwa amejaribu sana. Aliponiona alichukua spana iliyokuwa karibu akaanza kugonga kitu tumboni mwa pikipiki. "Naikagua chini," akasema. Nikasema, "Pole na kazi," nikaondoka bila kitabu. Nilitembea mpaka stendi.

Tangu siku hiyo nikaanza kuyaona mambo ambayo yalikuwa mbele yangu siku zote. Kila tulikokwenda na Ngamia, Daktari aliiegemeza kwenye ukuta au kwenye nguzo. Hakusimama penye mteremko. Akitaka kugeuza, alitafuta mahali pana kama uwanja. Tukipita kijiji chenye wanaume, hapo ndipo alipokubali kupumzika, penye mikono ya kumsaidia. Nje ya mji, mahali pasipo na mtu, alikataa kusimama hata nikiomba kujisaidia. Nilidhani ni ukali. Kumbe alikuwa anaogopa isije ikaanguka.

Kumwambia nilitaka. Nilijipanga maneno usiku, asubuhi nikayameza. Ningemwambiaje mtu yule kwamba amezeeka? Na kama ningelisema ofisini wangemweka mezani kupiga mihuri, na mimi ndiye ningekuwa nimemtia pingu. Basi nikaomba tu kila safari iwe ya Punda. Mara nyingine ikanguruma Ngamia. Nilipanda hata hivyo, nikafumba macho, na safari hii nilijua kwamba yale yaliyokuwa wazi hayatoshi.

Mwaka ule mto ulijaa ukamwagikia mashamba, kisha ukaanza kurudi. Nyuma ya mafuriko huja magonjwa ya mifugo, kwa hiyo tulikuwa mbioni. Punda ilikuwa kwa fundi, cheni imekatika. Daktari akatoa Ngamia. Nilisema tungoje siku moja. Akaniuliza kama ugonjwa nao utangoja.

Asubuhi tulikwenda salama. Kwenye saa tano tukakuta njia imeingia ndani ya maji. Hayakuwa mengi kutazama, upana wa uwanja wa mpira hivi, rangi ya chai ya maziwa, yametulia. Upande wetu, tope lote lilikuwa limejaa nyayo za ng'ombe, mbichi, zinaingia majini. Daktari alisimama, akazitazama, na nikajua atasema nini, maana alikuwa akilisema tangu siku ya kwanza.

"Alikopita ng'ombe, nami napita."

Msemo huo ulikuwa umetufikisha kwingi. Ng'ombe haingii kwenye udongo unaomeza, hunusa na kuuzunguka, na Daktari alikuwa amewafuata nusu ya maisha yake. Mimi niliangalia ng'ambo. Nyayo za kutokea sikuziona pale zilipopasa kuwa, lakini nani angenisikiliza? Nikasema kwa sauti ndogo, "Daktari, tuyapime kwa miguu kwanza." Akasema, "Fumba macho."

Nikafumba. Nilisikia maji kwenye viatu, kisha kwenye magoti. Injini ilikohoa. Ngamia ikaegemea kushoto polepole, polepole sana, nikamsikia Daktari anavuta pumzi kwa kuuzuia ule uzito, na hapo tukaanguka. Mimi nilitupwa kando. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa majini, sanduku lingali kifuani, na Daktari alikuwa amelala chali, mguu wake wa kushoto uko chini ya pikipiki, maji yamefika kidevuni.

Hakupiga kelele. Alisema, "Geuza usukani." Sauti ileile ya nyuma ya ofisi. Nikageuza. "Ipe mgongo." Nikaipa. Nikakaa, nikashika, nikasukuma kwa miguu. Miguu iliteleza kwenye tope nikaanguka. Nikarudia. Ilisogea kidogo, ikarudi, na hapo ndipo alipopiga kelele. Nikarudia tena. Siku ile alisema hiyo si yangu, na haikuwa yangu. Kila ilipomrudia ilimsukuma chini zaidi, na sasa alikuwa anainua shingo ili pua itoke nje. Shingo yake ilitetemeka. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu, mamba, mamba, mamba.

Nikalifungua sanduku. Nikazimwaga chanjo zote majini, chupa kwa chupa zikaelea zikaondoka. "Chanjo!" akalia Daktari. "Mama Neema, chanjo!" Nililifunga sanduku tupu, nikalisukuma chini ya shingo yake, nikalikalia ukingo lisielee likaondoka, nikamshika kichwa mapajani kama ninavyomshika mtoto ninapomwosha. Kisha nikapiga mayowe. Nilipiga mpaka koo likatoa sauti ya mbuzi. Sijui ilikuwa muda gani. Alikuwa ananitazama kutoka chini, na macho yale yaliyotosha wawili yalikuwa yamejaa hofu, na mimi nilitaka kumwomba msamaha.

Walikuja wafugaji wanne, wamekunja vikoi. Wa mbele alikuwa mzee wa Kiorma tuliyemjua vizuri, mwenye ng'ombe wale wale wenye nyayo. Waliishika Ngamia wakaiondoa kana kwamba ni kitanda. Walipombeba Daktari hadi pakavu, mzee alisimama juu yake akatikisa kichwa, huruma na hasira pamoja.

"Dokta, ng'ombe yangu ilipita hapa, kweli," akasema. "Lakini ilipita kwa kuogelea. Angalia kule chini, ilitokea kule, maji iliisukuma. Mguu ikiingia hapa na ikitoka mbali, hiyo si njia, hiyo ni kuogelea. Sasa pikipiki yako inajua kuogelea?"

Daktari wa ng'ombe alitazama kule chini. Alifumba macho.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Nilipomtembelea hospitalini, neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Sanduku ulilikausha?" Ofisini waliniuliza ajali ilitokeaje, nikasema maji. Niliandika hivyo hivyo kwenye karatasi, maji, kwa herufi kubwa kama alivyopenda. Ile Ijumaa sikuitaja. Alistaafu kabla hajaacha magongo, na mimi nikapewa Punda niende nayo peke yangu. Nikawa nalala na hofu na kuamka nayo. Hakuna mgongo mbele wa kujificha.

Mwaka huu, miezi michache iliyopita, mkewe alinipigia simu. Wanaishi nje kidogo ya Tarasaa.

"Mama Neema, njoo leo. Baba amepakia."

"Amepakia nini?"

"Ngamia. Kesho anaondoka, anasema Marsabit. Mimi nimesema mpaka mdomo umekauka. Wewe atakusikia."

Nusura nicheke. Miaka tisa sikuwahi kumwambia mtu yule kitu akanisikia.

Nilimkuta uani. Amekonda, mguu umepona lakini umepinda, anatembea na bakora. Amevaa tai. Ngamia ilikuwa imeoshwa inang'aa, masanduku ya bati yamejaa, blanketi limefungwa juu kwa kamba. Na ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko.

"Umekuja kuniaga," akasema.

"Nimekuja kukuona, Daktari. Shikamoo."

"Marahaba. Punda yaendaje? Cheni uliipaka mafuta?"

"Niliipaka."

Akaanza kunionyesha. Maji hapa, dawa hapa, ramani ileile. "Lami imefika mpaka huko juu," akasema. "Kwenye lami hii haina mwenzake. Wewe wajua."

Nilijua. Alikuwa anasema kweli, kwenye lami haikuwa na mwenzake. Nikamtazama mkewe, ameshika ufagio hafagii. Nilihofu kuliko siku ile majini, kwa sababu siku ile nilikuwa na mamba wa kuogopa na leo nilikuwa na uso wa mtu ninayempenda.

"Daktari," nikasema. "Iangushe."

"Nini?"

"Iangushe. Kisha uiinue."

Alinikazia macho mpaka nikatamani ardhi inifungukie.

"Nani amekufundisha adabu hiyo?"

"Wewe."

Aliiegemeza bakora ukutani. Akaishika Ngamia kwa mikono miwili, akaivuta kutoka ukutani mpaka ikasimama wima, uzito wote ukamjia. Niliona mguu uliopinda ukianza kutetemeka, kisha goti, kisha kiuno. Nilijizuia nisiende. Alisimama hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Halafu akairudisha ukutani, taratibu, chuma kikagusa udongo wa ukuta.

"Mchanga umelowa," akasema.

Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Alijifuta uso kwa tai yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile Ijumaa, nyuma ya ofisi."

"Na ukapanda nyuma yangu baada ya hapo?"

"Nilipanda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

Alitikisa kichwa polepole, akatazama viganja vyake. "Mimi nilikuwa nangoja," akasema. "Kila asubuhi nikiiwasha nilijiambia, leo huyu mama atasema. Ukinyamaza nikajiambia, kumbe bado naweza. Kama nisingeweza, mwoga kama huyu asingepanda."

Niliona haya kama sijawahi kuona. Siku zote nilidhani uoga wangu ni shida yangu mwenyewe, kumbe ulikuwa umemvunja mtu mguu. Nilitaka kusema samahani, nikabaki nimesimama na helmeti mkononi.

Daktari aliuchomoa ufunguo, akaushika kidogo, akanitia mkononi. "Usinirudishie," akasema. "Hata nikifoka." Kisha akamwambia mkewe ashushe blanketi. Mama yule aliuangusha ufagio pale pale akaanza kufungua kamba.

"Basi nipeleke barabarani," Daktari akaniambia. "Niione lami."

Tulimsaidia kuupitisha mguu juu ya kiti cha Punda. Akakaa nyuma, akauliza mikono anaiweka wapi. Nikamwambia popote. Aliiweka mabegani mwangu, myepesi, mikono ya mtu asiyetaka kuonekana ameshika. Tuliifuata njia ya vumbi mpaka barabara kuu, nikaingia kwenye lami nikielekea Garsen. Punda ikaanza kutetemeka. Mbele lilitokea lori la ng'ombe, limeshika katikati, linakuja.

Vidole vyake vilinikaza mabega mpaka nikaumia. Nikamsikia sikioni, sauti ndogo ambayo sikuijua.

"Mama Neema."

"Naam, Daktari."

"Huku nyuma kunatisha."

"Najua," nikamwambia. "Fumba macho. Yangu yako wazi."